Nyumba Isiyo na Ukuta wa Kushoto

Alhamisi alasiri Dinie Leferink alifungua friji ya klabu, akasogeza jibini na chupa ya haradali, akatoa pakiti ya mwisho ya filamu. Karatasi yake ya kung'aa ilikuwa haijachanika. Ubavuni palikuwa na tarehe ya mwisho wa matumizi: Machi 1989.

"Hiyo imechacha sawasawa," alisema Bertus, akiigeuzageuza mkononi. "Unaitaka ya nini?"

"Ya nyumba."

"Nyumba nzima?"

"Sasa nipige nusu nyumba, Bertus? Mtu mzima na maswali ya ajabu!"

Bertus alimrudishia pakiti. Alimimina kahawa, akampa kila mtu biskuti moja, akafunga kopo.

Klabu yao hukutana kwenye chumba cha kufulia cha zamani, nyuma ya kanisa. Wanachama ni watu wazima wenye kamera za kukunja, zile zinazotema picha kwa mbele huku zikinguruma. Filamu mpya za kamera hizo bado zipo madukani, ila wao wanaziona hazina ladha. Filamu mpya hupiga kilicho mbele yake, basi. Filamu iliyochacha, kama haijaoza kabisa, hupiga kilichokuwapo siku ilipochacha, na kitu kikishatokea kwenye picha hutokea pia mahali pake. Nyingi zimeoza, hutoa rangi ya kahawia tupu. Lakini Bertus alishapata kwa njia hiyo baiskeli ya marehemu mkewe, na ndiyo anayoendea sokoni mpaka leo. Walio hai hawatokei, kwa kuwa tayari wapo. Waliokufa hutokea, ila hawakai. Mkewe Bertus alikuja siku moja, akanywa kahawa, akasema mapazia ni machafu, akaondoka kabla ya chakula cha jioni. Tangu hapo Bertus anafua mapazia kila mwezi.

Nyumba hakuna aliyewahi kuipiga. Filamu siku hizi ni adimu, na hakuna aliyetaka kuipoteza kwa kitu kikubwa hivyo. Dinie angeacha pia, kama si Gradus.

Gradus ni kaka yake, ana miaka sabini na tisa, na kumbukumbu zinamtoka moja moja. Kila siku baada ya chakula cha mchana alivaa koti juu ya nguo za kulalia, akatoka nyumba ya wazee kupitia jikoni, akatembea mpaka uwanja wa maegesho nyuma ya duka kubwa la maua. Hapo alisimama kati ya magari mawili, akafuta viatu kwenye lami, akasubiri afunguliwe. Hakuwa amepotea hata kidogo. Mlango wao ulikuwa hapo hapo, kwenye mtaa wa Spoelstraat, zamani ulipokuwa mtaa. Wenye magari walimzoea, wakawa wanampigia honi ya salamu wakirudi nyuma.

Mtaa huo ulikuwa wa wafumaji, nyumba zimebanana mstari mmoja, kila mbili zikigawana ukuta. Mwaka 1991 manispaa iliwaambia watu wahame kidogo ili nyumba zikarabatiwe, Krismasi watakuwa wamerudi. Watu wakahama na sufuria zao, wengine hata mapazia waliyaacha. Nyumba zikabomolewa kabla ya sikukuu ya Sinterklaas, mwanzoni mwa Desemba, lami ikamwagwa, bango likasimamishwa: maegesho ya muda. Bango hilo limeshapakwa rangi upya mara kadhaa. Dinie akapata chumba kimoja juu ya duka la viatu, na ndimo alimo mpaka leo, kitanda chake na jiko vimepeana mgongo.

Wiki hiyo Marloes, msimamizi wa nyumba ya wazee, alimwita pembeni.

"Bi Dinie, mimi kaka yako nampenda, Mungu anajua. Lakini juzi kavuka barabara kuu taa ikiwa nyekundu, lori likafunga breki miguuni pake. Siwezi tena. Jumatatu namhamishia ule upande wa milango ya namba."

"Ule wa kufungiwa."

"Ule wa usalama."

"Mwanangu, Gradus ukimfungia mlango hafiki msimu wa majani kuanguka."

Marloes hakubisha, na hilo ndilo lililomwuma Dinie zaidi. Alilia kituo cha basi, mbele za watu, jambo ambalo huku Twente, mashariki mwa Uholanzi, halifanywi. Kisha akapangusa uso, akaenda klabu.

Jumamosi asubuhi alimchukua Gradus kwa ruhusa, wakaenda maegesho. Bertus alikuja na kiti cha kukunja na chupa ya kahawa. Palikuwa na Opel ya kijani imesimama sebuleni, yaani mahali pa sebule. Dinie alimgongea mwenye gari kioo akamwomba asogee kwa kuwa nyumba inakuja. Yule bwana aliuliza kama inakaa muda mrefu, akaambiwa ndiyo, akasogea huku akinung'unika.

Pakiti za zamani zina picha kumi, na betri imo humo humo ndani ya pakiti, imechacha pamoja na filamu. Dinie aliingiza pakiti, kamera ikaguna, ikatema kifuniko cheusi. Ilikuwa hai. Alichuchumaa, akachungulia, akasogea kulia kidogo, kisha kidogo tena. Bertus alimwona.

"Unaikata nyumba ya Riek, jirani yenu."

"Sina haja na ya Riek."

"Dinie..."

"Kamera ni yangu, jicho ni langu."

Picha ya kwanza ilitoka kahawia. Ya pili kahawia, ya tatu nyeupe kama kitambaa. Kila moja aliikinga jua kwa kofia ilipokuwa ikitoka, akaiweka kwapani chini ya koti, maana kulikuwa na baridi na dawa ya picha haipendi baridi. Hakuitikisa. Wanaotikisa picha ni watu wa sinema. Gradus alikuwa anafuta viatu muda wote huo. Ya nne, ya tano, ya sita, hola. Dinie akaanza kuongea na kamera kwa sauti ya chini, maneno ambayo hayafai kuandikwa, na ya saba alipoitoa kwapani ilikuwa na kivuli.

Kivuli kilitangulia kwenye lami. Halafu bomba la moshi, halafu matofali, ya manjano zaidi kuliko yalivyokuwa kwa sababu rangi ya buluu hufa mapema kwenye filamu. Vigae vikajipanga. Kona ya jikoni dawa haikufika, ikabaki nyeupe tupu, mahali ambapo hapana kitu, na inabidi uizunguke ukienda kwenye sinki. Mwisho kabisa ukaja mlango, na kitasa chake cha shaba.

"Ehee!" alisema Gradus. "Mmechelewa."

Akaingia. Dinie akamfuata. Juu ya jiko kulikuwa na kahawa ya Machi 1989, bado ya moto. Alijimiminia, akakaa kwenye kiti chake, akacheka peke yake kwa furaha. Aliwashinda! Manispaa nzima na mabango yao, amewashinda kwa kamera ya mtumba.

Furaha hiyo ilidumu kikombe kimoja. Upepo ulipita mezani, ukapeperusha gazeti. Dinie aligeuka, akaona gari jekundu limeegeshwa hatua mbili kutoka kabatini, na mtu ndani yake anakula mkate. Nyumba haikuwa na ukuta wa kushoto. Ukuta ule ulikuwa nusu wa Leferink na nusu wa Riek Hassing, na Dinie alikuwa amemkata Riek kwenye picha.

Chumba cha Gradus kilikuwa upande huo huo. Kitanda chake, ambacho miaka yote kiliegemea ukuta ule, hakikutokea. Mzee alisimama katikati ya chumba kilichofunguka kwenye maegesho, akasikiliza.

"Hapa si nyumbani," alisema.

"Ni nyumbani, kaka. Tazama, saa yako ile pale."

"Nyumbani Riek anakohoa."

Akavuta koti lake, akatoka, akaenda kusimama tena kati ya magari, safari hii upande wa Riek. Bertus, kutoka kwenye kiti chake, hakujizuia.

"Usipoziba ufa, utajenga ukuta," alisema. "Wewe huna hata wa kujenga."

"Nyamaza, Bertus."

Huku kwetu jirani wa kwanza si mtu wa kuchagua. Ni yule mnayegawana ukuta. Mtoto akizaliwa ndiye wa kwanza kuitwa, na mtu akifa ndiye anayezunguka kutoa habari, ndiye anayeshika jeneza mbele upande wa kulia. Mnaweza kuchukiana mkipenda, kazi hiyo ni yake. Sasa, usiku mama yake Dinie alipokuwa anakata roho, mwaka 1983, kutoka nyuma ya ukuta kilisikika kicheko cha Riek, kirefu, cha kujishika mbavu. Asubuhi Dinie alimruka Riek, akaenda kumwita jirani wa ng'ambo ya barabara. Mtaa mzima uliona jeneza likibebwa na mtu asiye wake. Wakaishi baada ya hapo miaka minane, ukuta mmoja, bila salamu.

Riek Hassing siku hizi anaishi ghorofa ya tatu, karibu na stesheni. Dinie alibonyeza kengele. Mlango ukafunguka kidogo, kiasi cha pua.

"Nani?"

"Dinie Leferink."

"Simjui. Nilikuwa na jirani wa jina hilo, lakini jirani huja kwa mlango wa nyuma. Wanaokuja kwa mlango wa mbele ni mchungaji na watu wa kodi. Wewe ni yupi?"

"Riek, hapa ni ghorofani. Mlango wa nyuma uko wapi?"

"Kuna ngazi za moto. Zinafika kwenye roshani ya jikoni."

Mlango ukafungwa. Dinie, miaka sabini na nne, goti moja la chuma, alisimama kwenye korido akimtukana kimoyomoyo. Kisha akashuka, akazunguka jengo kupita mapipa ya takataka, akaanza kupanda ngazi za chuma akishika reli kwa mikono miwili. Chini watoto walimshangilia. Alifika roshani akihema, akagonga kioo cha jikoni, na Riek akamfungulia papo hapo, mikono ina unga.

"Aa, Dinie," alisema. "Karibu. Kahawa ipo."

Walikunywa. Riek alikohoa mara mbili, kikohozi kile kile cha kiwandani, cha pamba.

"Ulicheka," alisema Dinie. "Mama anakata roho, wewe unacheka."

"Nilicheka. Mume wangu Harm alikuwa anamwigiza mchungaji anavyolamba kidole kabla ya kufungua Biblia. Ningejuaje kama mama yako yuko hatua za mwisho? Uligonga ukuta? Hukugonga. Nilisikia habari ya kifo kwa muuza maziwa, Dinie. Kwa muuza maziwa! Nikasimama dirishani nimevaa nyeusi, Harm kavaa glovu za kubebea, tunangoja kuitwa."

Dinie alitazama kikombe. Hakuwa mtu wa kuomba radhi, hakulelewa hivyo, na maneno yalimtoka yakiwa yamepinda.

"Nilikukosea. Nilikukosea hata leo asubuhi, nimekukata kwenye picha. Sasa Gradus hana ukuta, na Jumatatu wanamfungia. Nakuja kukuita kama jirani wa kwanza."

"Nani kafa?"

"Bado hajafa mtu. Ndiyo sababu nakuja mapema safari hii."

Riek alivua aproni.

Walifika maegesho jua limeanza kulala. Zilibaki picha tatu. Dinie alichuchumaa, akaiweka nyumba ya Riek katikati kabisa, na ukuta wa pamoja ndani, wote, kutoka msingi mpaka paa. Alibonyeza. Picha ikatoka kahawia, na iliyofuata pia. Akabonyeza tena. Kamera iliguna kidogo na kunyamaza.

"Betri," alisema Bertus. "Imekufa. Pole, Dinie."

"Haijafa, imeshikwa na baridi," alisema Riek. "Lete hapa."

Aliikunja kamera, akafungua koti, akaitia kwapani, akabana. Alikuwa mwanamke mpana, na joto lake lilijulikana mtaa mzima; zamani paka wa majirani wote walilala kwake. Wakasubiri. Mtu wa gari jekundu alishuka, akaja kusimama nao. Gradus alikuwa anatetemeka midomo, lakini hakukubali kukaa kwenye kiti cha Bertus. Alisema atakaa ndani.

Riek alipoitoa kamera ilikuwa inatoa mvuke. Dinie akachungulia, akabonyeza. Ikanguruma, ikatema picha mpaka nusu, ikakwama. Mota haikuwa na pumzi tena.

"Usiivute!" Bertus alipiga kelele. "Dawa itatawanyika vibaya!"

Riek aliivuta. Alishika ncha kwa vidole vyenye unga, akavuta taratibu, mfululizo, kama alivyokuwa akivuta uzi kwenye mashine miaka ishirini, akaipokea chini ya kofia ya Dinie. Yeye mwenyewe aliiweka kwapani, akafumba macho.

Nyumba ya Hassing ilitokea na michirizi, mistari ya machungwa na ya manjano kutoka juu mpaka chini, hapo dawa ilipotawanyika. Ilitokea na mabanda ya kuku, na kuku. Na kati ya nyumba mbili ukapanda ukuta, tofali juu ya tofali, ukaugusa ule wa Leferink na kushikana nao, mlio wake ukasikika kama wa mlango mzito unaofungwa. Upepo ndani ya nyumba ukakatika. Mwenye gari jekundu akapiga makofi, akaenda kulisogeza gari lake mwenyewe bila kuambiwa.

Harm alikuwa mezani kwake, kwa kuwa mwaka 1989 alikuwa hai. Riek aliingia kwa mlango wa nyuma, akamkuta, akamwambia avute kiti. Dinie hakuwafuata. Alimshika Gradus mkono, wakaingia kwao. Kitanda kilikuwepo. Mzee alivua viatu, akajilaza ubavu, akauegemeza mgongo wake ukutani. Upande wa pili Riek alikohoa. Gradus akafumba macho kwa raha, kama mtu aliyerudishiwa chake.

Baadaye kidogo kikaja kicheko kutoka nyuma ya ukuta, kirefu, cha kujishika mbavu. Harm alikuwa anamwigiza mchungaji. Dinie alikaa kitandani kwa kaka yake akisikiliza, na machozi yakimtoka akacheka pia, kwa nguvu, wamsikie. Kabla ya chakula cha jioni Harm alivaa kofia, akaaga pande zote mbili, akaondoka zake.

Jumapili klabu nzima ilikuja. Walifunga tao la matawi ya misonobari na maua ya karatasi kwenye milango yote miwili, kama inavyofanywa kwa wageni wapya wa mtaa, wakanywa brandi yenye zabibu kavu kwa vijiko. Waliokuwa wakazi wa Spoelstraat walisikia, wakaja nao kutoka kwenye maghorofa yao. Walikunywa, walicheka, halafu mmoja mmoja akaenda kusimama kati ya magari, mahali pa mlango wake. Filamu ya Machi 1989 haikuwepo tena mahali popote. Wengine wanakuja mpaka leo, Jumapili, wakiwa na vitafunio.

Jumatatu Marloes alileta nguo za Gradus na dawa zake. Alizunguka nyumba, akajigonga kidogo kwenye ile kona nyeupe, akajaribu kitasa cha mlango. Alimkuta Gradus anamenya viazi. Hakuwa amekaribia mlango tangu Jumamosi.

"Basi," alisema Marloes, akakaa, akaomba kahawa.

Mchana alikuja diwani, Bwana Van Soest, na mkaguzi wa maegesho. Mkaguzi alibandika faini kwenye milango yote miwili kwa sababu nyumba zilikuwa zimezidi mistari. Anazibandika kila asubuhi, isipokuwa Jumapili. Diwani aliingia, akasimama katikati ya jiko, akaeleza kwa upole kwamba kwenye ramani ya manispaa hapa hapana nyumba. Kwamba amepekua kabati zote za ofisini na hakuona kuwa kuna mtu aliahidiwa kurudi. Kwamba wakazi wataarifiwa.

"Wakazi ndio sisi," alisema Dinie.

"Kwenye ramani hampo, mama."

"Na hao wengine wanaosimama nje Jumapili?"

"Nao hawapo."

Aliyasema bila chuki, akainama kidogo, ukaona kwamba angeyasema hivyo hivyo miaka mingine thelathini. Gradus alifuta mikono kwenye suruali, akamtazama juu mpaka chini.

"Huyu nani?" alimwuliza dada yake.

"Mtu wa manispaa."

"Kaja kutuambia tuhame?"

"Ndiyo, kaka."

"Mwambie nimeshalala."

Akaingia chumbani, akafunga mlango, na mara akaanza kukoroma, kwa sauti kubwa kuliko inayohitajika. Diwani alisubiri amalize. Hakumaliza. Kutoka upande wa pili Riek akagonga ukuta mara mbili, akitaka kimya.